Mwalimu wa Mashimo

Huku kwetu neno Mwalimu likisimama peke yake lina mwenyewe, na mwenyewe tunamjua. Yule wetu ilibidi tumwongezee kitu ili asichanganywe na mkubwa, tukamwita Mwalimu wa Mashimo. Hakuchukia. Nadhani aliona ni cheo. Jina alilopewa na wazazi wake sitalitaja, na ukoo wake nauacha, maana mwenyewe akianza kuutaja hamkuwahi chakula siku hiyo.

Alitufundisha Kiswahili na maarifa ya jamii katika shule ya kijiji kimoja cha mlimani, kati ya Bunda na Butiama. Mimi si mtu wa huko. Kwetu ni chini, rasini, kwenye vijiji vya wavuvi ng'ambo ya Musoma. Nilipelekwa mlimani kukaa kwa shangazi yangu aliyeolewa huko, kwa sababu shule yao ilikuwa inafaulisha, na ilifaulisha kwa ajili ya mtu huyo mmoja. Nalisema hili mapema kwa kuwa mengi nitakayoyasema ni ya aibu, na sitaki mtu amdharau kabla sijamaliza.

Kiswahili hakikuwa lugha ya nyumbani ya mtu yeyote pale, hata yake yeye. Kila mtu alikuwa na ya kwao, na Kiswahili tulikivaa asubuhi kama sare, vifungo vingine vimekatika. Mwalimu alijipa kazi ya kushona vifungo. Hakuweza kuiacha sentensi ya mtu ifike mwisho ikiwa na kosa. Ukianza, "Jana nilikuwaga..." anakukata hapo hapo: "Nilikuwa. Hiyo ga irudishe nyumbani, mama yako anaitafuta." Aliwakata watoto, aliwakata wazazi, alimkata msomaji wa neno kanisani, na siku moja alimkata mfiwa aliyekuwa anawashukuru waombolezaji. Mfiwa akarudia sentensi vizuri, akasema asante, akaendelea kulia.

Mwenyekiti wa kijiji ndiye pekee aliyemshinda, tena bila kujua. Alisimama mkutanoni akasema, "Ndugu wananchi, mashimo hii..."

"Mashimo haya," akasema Mwalimu kutoka nyuma.

"Haya, asante Mwalimu. Sasa, mashimo hii..."

Tulicheka mpaka mkutano ukaahirishwa. Mwalimu hakucheka. Alikuwa na msemo wake, kwamba silabi ni mlango wa zizi, ukiuacha wazi maana yote inatoka na hutaipata tena. Lakini tuliokuwa tukichota maji jirani na kwake tulijua siri. Mbuzi wakimwingilia bustanini tulimsikia kwa sauti yake yote: "Nyie mnakulaga kwa nani?" Mkewe hakumsahihisha. Alikuwa mwanamke mpole na nadhani alikuwa anaisubiri hiyo ga kama mtu anavyosubiri mgeni anayempenda.

Na sasa mashimo yenyewe. Juu ya kijiji, pale mgongo wa kilima unapoikaribia barabara ya Butiama, kulikuwa na mabonde madogo ya mviringo, yameota nyasi, mtoto akisimama ndani kichwa kinabaki nje. Wazee waliyaita kwa neno la lugha yao linalotokana na kuficha, na hawakupenda kulieleza. Mwalimu alilieleza kwa niaba yao. Alifundisha kwamba hapo ndipo vijana wa zamani walipojificha na mikuki yao kungoja wezi wa ng'ombe, kila shimo na kijana wake, na kwamba hakuna ng'ombe aliyewahi kutoka kijijini pale kwa nguvu.

Kila mwaka kiangazi kikianza alilipeleka darasa la tano kilimani. Tuliingia mashimoni tukainama. Yeye alishuka bondeni, akageuza koti lake ndani nje, akapanda polepole kwa kunyata, akiwa mwizi. Akifika karibu tuliinuka wote kwa kelele na vijiti vyetu, naye alikufa. Alikufa vizuri sana. Mtu mzima mwenye tai alibingirika mteremko mzima, akalala chini mdomo wazi, nzi wakatua juu yake, hakutikisika mpaka tulipoanza kuogopa. Kisha akaamka, akajikung'uta, akasema, "Hao ndio babu zenu." Hata mimi ambaye babu zangu walikuwa wavuvi nilijisikia mrefu.

Kijiji kizima kilikaa juu ya somo hilo. Timu ya mpira iliitwa Walinzi. Kwenye harusi mshereheshaji hakukosa kusema kwamba bwana harusi anatoka kwa watu wa mashimo, watu wasiokimbia. Mwalimu alipanga mawe yaliyopakwa chokaa kuzunguka eneo lote, akagombana na kila mama aliyeanika muhogo pale. Mmoja alimwambia, "Mwalimu, mimi nina watoto wanakulaga, siyo mikuki." Alimsahihisha, akamsaidia kuubeba muhogo wake hadi nyumbani.

Likizo moja nilimuuliza bibi yangu kule rasini kama anayajua yale mashimo. Alikuwa anageuza furu juu ya moto. Akasema, kwa lugha yetu, kwamba huko ndiko walikoficha ulezi. Kisha akamgeuza samaki aliyekwisha kugeuzwa. Sikuuliza zaidi, nilikuwa na njaa na samaki walikuwa tayari.

Tuliporudi shule, ikawa zamu yetu kupelekwa kilimani. Kila mtoto alitakiwa atunge sentensi moja akiwa ndani ya shimo. Nikasema, "Hapa wazee walificha..."

"Walijificha," akasema Mwalimu.

"Walificha u..."

"Wa-li-ji-ficha, mama. Ukisema walificha, nitakuuliza walificha nini."

Darasa likacheka, naye akacheka, akahamia shimo la pili kabla sijamjibu swali alilouliza mwenyewe. Kuanzia siku hiyo nikaitwa Bila Ji. Jina lilinifuata mpaka nimezaa. Nilikuwa nikikutana naye sokoni Bunda, amezeeka, mkongojo mkononi, ananiita toka upande wa pili wa nyanya: "Bila Ji, hujambo?" Nilijibu, "Shikamoo Mwalimu," na nilifurahi. Sikuwa na kinyongo. Kusema kweli nilikwisha kuamini kwamba nilikosea, na kwamba bibi naye Kiswahili chake cha shida kilimponza, ingawa hakuwa amesema kwa Kiswahili.

Barabara ilipoanza kupanuliwa iwekwe lami, Mwalimu alikuwa amestaafu zamani na mkewe amefariki. Alikaa Nyasura, hapo Bunda mjini, kwa binti yake. Kilima kilikuwa kinakatwa. Lakini kabla ya greda kufika, waliletwa wataalamu wa mambo ya kale wachimbe kwanza, wachukue kilichomo. Mwalimu aliingiwa na uhai mpya. Kila asubuhi alipanda gari toka Bunda, koti na tai, akakaa pembeni ya uchimbaji kwenye kiti walichompa. Aliamini kwamba wakishaona kilichomo barabara itapindishwa. "Lami itapinda kwa heshima," alisema kwenye kundi letu la wanafunzi wa zamani kwenye simu, kwa sauti, maana vidole vyake havikuweza tena kuandika. Akatuita wote siku wataalamu watakapokielezea kijiji walichokipata. Alituambia tuje na watoto wetu.

Nilifunga meza yangu ya dagaa sokoni Mwigobero, Musoma, nikaenda. Walikuwa wamefunga kamba zilizogawa kilima vipande vipande. Kila shimo lilichimbwa nusu moja kwanza, nusu ya pili ikaachwa imesimama kama mkate uliokatwa, ili matabaka ya udongo yaonekane. Udongo wote ulipitishwa kwenye chekeche. Kiongozi wao alikuwa binti wa kutoka Dar es Salaam, kofia pana, magoti yamejaa vumbi. Alimwita Mwalimu Baba, naye alikuwa ameshamfundisha kusema eneo la uchimbaji badala ya saiti.

Tulisimama kuzunguka kamba, watu wazima wenye kazi zao, na watoto wetu mbele. Mwalimu alisimama kando ya yule binti kama baba wa bibi harusi. Binti akaanza, "Mashimo haya," na Mwalimu akatikisa kichwa kwa kuridhika.

"Mashimo haya yalikuwa na mdomo mwembamba na tumbo pana, kama mtungi," binti akasema. "Mtu mzima asingeweza kukaa humo na mkuki. Kuta zilipakwa udongo na samadi, kisha zikakaushwa kwa moto. Chini kabisa tumekuta punje za ulezi zilizoungua. Kwa hiyo haya ni maghala. Na juu yake palikuwa na zizi, samadi yake bado ipo. Mtu akipita anaona ng'ombe tu, hajui kwamba chini kuna chakula."

Kisha mwenyekiti, mpya huyu, mwanafunzi wa Mwalimu kama sisi, akauliza, "Sasa mbona mdomo wake ni mpana hivi?"

Binti alimtazama Mwalimu kabla ya kujibu, na hapo nikajua kuna jambo. "Umebomoka," akasema. "Umebomolewa na miguu. Midogo midogo, kwa miaka mingi. Tabaka la juu lina vifungo vya mashati na vifuniko vya kalamu. Tumeliita tabaka la shule." Alitabasamu, akidhani tutafurahi. Hakucheka mtu.

Nilitamani ardhi inimeze, na haikuwa aibu yangu. Ndiyo mbaya kuliko yako, aibu ya mtu unayemheshimu, kwa sababu huwezi hata kuomba radhi. Mwalimu alikuwa anatazama lile shimo lililokatwa. Midomo yake ilikuwa inacheza bila sauti, na niliijua ile namna ya kucheza, alikuwa anahesabu silabi. Kisha akainua kichwa akanitafuta katika watu mpaka akanipata.

"Walificha nini, mama?" akaniuliza.

"Ulezi, Mwalimu," nikasema. Ningeweza kulimeza neno lile ningelimeza.

Mzazi mmoja akauliza waliuficha ili asiuone nani. Binti akasema udongo hausemi hilo. Wazee wa kijiji waliokaa mbele walikuwa wanatazama miguu yao, na hakuna aliyemsaidia. Mkutano ukavunjika wenyewe. Ile njia ya kushuka kilimani ilikuwa ndefu siku ile, na watoto wetu wakawa wanauliza kama bado tunaruhusiwa kuingia mashimoni kucheza.

Mtu mwingine angekaa Nyasura akafunga mlango. Yeye alianza safari. Alizunguka Bunda, Butiama na Musoma akimtafuta kila mwanafunzi wake wa zamani, benki, hospitali, gereji, kituo cha polisi, mpaka Buhare kwa mmoja anayefuga kuku. Akifika anasimama, anavua kofia. "Nilikufundisha walijificha. Ni walificha. Iondoe hiyo ji, na uwaambie wanao." Watu walimpa soda. Walimwambia, Mwalimu, hayo ni ya zamani, pumzika. Mkubwa mmoja wa ofisi mjini Musoma alimtuma katibu wake aseme ametoka, na Mwalimu alikuwa anaisikia sauti yake ndani. Kwenye kundi letu mtu akaandika kwamba binti yake aambiwe amweke nyumbani, anatutia aibu. Wengi wakaweka alama ya kukubali. Na mimi, nilipomwona anakuja Mwigobero kati ya matenga ya dagaa, tai imelegea, akiwauliza wachuuzi Bila Ji yuko wapi, nilitamani kuinama nyuma ya meza.

Mimi hakuniambia niiondoe ji. Alikaa kwenye ndoo niliyoigeuza, akaniuliza, "Wewe uliambiwa na nani?"

"Bibi yangu."

"Nipeleke kwake."

"Alishatutoka, Mwalimu."

"Basi kwa aliyebaki."

Nilimwambia ziwa limechafuka. Akasema atasubiri litulie. Nikamwambia boti zimejaa mizigo. Akasema yeye si mzigo mzito. Sikutaka kumpeleka, kwa sababu nilimkumbuka bibi na yule samaki, na niliogopa kitakachosemwa. Lakini mtu mzima ameketi juu ya ndoo, kofia magotini, watu wanamtazama. Tukapanda boti.

Aliyebaki ni mjomba wangu, mtoto wa bibi. Yeye na Mwalimu hawapishani sana umri, lakini Mwalimu ndiye aliyetangulia kumwamkia, "Shikamoo," na mjomba akashtuka, akaitikia kwa sauti ndogo. Tuliketi uani. Mwalimu akasema yake yote, kuanzia neno la wazee hadi vifungo vya mashati. Akamaliza kwa kusema, "Nimekuja kusikiliza yule mtoto alitaka kusema nini. Sikumwacha amalize."

Mjomba alikwaruza udongo kwa kijiti. Kisha akasema.

"Ilikuwaga njaa. Samaki zilikuwepo, ziwa halikauki. Lakini mtoto aliyetoka kuacha kunyonya humlishagi furu. Anataka uji. Mama yangu alikuwa msichana, mdogo wake ndiyo hivyo, anakonda. Wakapanda huko kwenu na babu, wamebeba samaki kavu, wabadilishe. Wakaonyeshwa vihenge vya nafaka. Vihenge vitupu kweli. Wakaambiwa, na nyinyi mnaona. Ikawa jioni, wakapewa pa kulala, kwenye zizi, pembeni ya ng'ombe. Asubuhi wakarudi na samaki zao. Yule mtoto hakufika mavuno. Baadaye walioolewa huko ndiyo wakatuambiaga ulezi ulikuwa wapi. Mama alikuwa amelala juu yake."

Makosa yote yale ya Kiswahili yalipita mbele ya Mwalimu, na hakuligusa hata moja. Machozi yalikuwa yanamshuka, akayaacha. Kisha akauliza, "Mlikuwa mnanisikia. Miaka yote hiyo naimbisha watoto juu ya kilima kile, habari zilikuwa zinafika huku. Kwa nini hamkuniambia?"

Mjomba akanitazama mimi kwanza.

"Huyu alirudi likizo analia, wamempa jina, wanamcheka. Mimi nikachukua panga na mkate wa njiani, nikasema napanda, namwambia mwalimu wao ukweli mbele ya watu. Mama akanishika mkono. Akasema, shangazi yake alishataka kumtoa mtoto shuleni akamlelee mtoto wake mchanga, na yule mwalimu akaenda akakaa chini mlangoni kwake, mtu na tai yake, akagoma kuinuka mpaka wakamrudisha darasani. Akasema, ukimuumbua, nani atamfundisha? Mdogo wangu hatakunywa tena ule uji. Huyu atasoma. Ndiyo tukanyamaza."

Mimi habari ya mlangoni sikuwahi kuisikia. Nilimgeukia Mwalimu, mtu aliyetusimulia kila kitu cha maisha yake mara mbili mbili, na hiyo moja hakuwahi kuisema. Alikuwa ameinamisha uso. Nikafikiria ile alama ya kukubali niliyoiweka kwenye simu na mimi, na aibu yote niliyokuwa nikimwonea tangu kilimani ikahamia kwangu, ikakaa.

Mke wa mjomba akaleta maji ya kunawa, kisha ugali wa muhogo na samaki. Mwalimu alinyoosha mikono, akamiminiwa, na maji yalipokwisha aliiacha hewani, hakuipeleka kwenye chakula. Mjomba akasema karibuni, mle, samaki wanapoa. Hakuna aliyesogea. Nikamega tonge nikala, kichwa chini, kwa sababu hapo palikuwa kwetu na ilikuwa juu yangu kuanza.